Jenerali na Askari Waliovaa Kimaiti

Ndugu wafiwa, majirani, mliotoka karibu na mliotoka mbali, tunaomba mtulie kidogo, mliokaa juani sogeeni kivulini, tumsimulie huyu aliyelala mbele yetu tangu alipoanza mpaka alipofika, na tutasimulia yote, hata lile ambalo baadhi ya ndugu wametushauri tuliruke, kwa sababu mjane mwenyewe amekataa, amesema lirukwe kwa nini, lilisemwa mbele za watu na litafutwa mbele za watu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Jenerali, ingawa hakushika bunduki maishani mwake na hata mbwa wa jirani alikuwa akimtoa mbio, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, alfajiri ya mvua, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mke wake aliyekuwa akifua nguo za watu, na mkunga alipomnyoosha mikono alisema, "Huyu ana vidole virefu, ama atakuwa daktari ama atakuwa mwizi," mama yake akajibu, "Wewe mwache kwanza anyonye."

Alianza darasa la kwanza Januari 1959 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza la nane Novemba 1966, na katika miaka hiyo yote ugomvi wake na walimu ulikuwa mmoja tu, chaki, maana chaki za darasa zilikuwa zikipungua na kila mtoto akimtazama mwenzake kwa jicho la pembe, mpaka siku mwalimu wa hesabu alipomwambia ageuze mifuko yake, ikamwagika mezani familia nzima ya watu wa chaki, wazee kwa watoto, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa hesabu mwenyewe pamoja na kitambi chake, mwalimu akamtazama yule, akakitazama kitambi chake, akasema, "Haya, rudi ukae," lakini yule wa kitambi hakurudishwa.

Baada ya shule alikaa na baba yake kwenye cherehani, akitunga sindano na kupiga vifungo, hadi tarehe 2 Februari 1970 alipoajiriwa kufagia karakana ya meno ya bandia katika hospitali kuu, na huko nako fundi mkuu, mzee mkali asiyependa vyombo vyake viguswe, akaanza kushuku kwamba kuna mtu anachezea nta yake, akajificha nyuma ya mlango, akamkuta kijana wa ufagio anachonga gego, akamnyang'anya, akalijaribisha mdomoni mwake mwenyewe penye pengo, akalitafunatafuna, akasema, "Kesho ufagio mpe mtu mwingine." Mwaka 1973 alifaulu mtihani wa ufundi, akatumikia karakana ile hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2011, na hapa wapo wanaocheka kwa meno yake, hatutawataja.

Ndoa yake ilianzia getini. Ilikuwa mwaka 1978, alitumwa kupeleka mzigo kwa meneja wa kiwanda cha nguo, na pale getini alisimama binti mmoja mwembamba, mkaguzi wa mifuko, ambaye wafanyakazi walimwita Fungua, kwa kuwa neno hilo ndilo lililomtoka mdomoni tangu asubuhi mpaka jioni, baadaye akawa Mama Fungua na ndiye mjane wetu leo. Akamwambia, "Fungua." Jenerali akasema, "Dada, hii ni siri ya mtu." "Hapa hakuna siri, kaka, fungua." Akafungua leso, ikatokea seti nzima ya meno, juu na chini, yanamchekea binti wa watu, naye hakupiga kelele, alimkazia macho mdomoni kuona kama ni yake, akauliza, "Ya nani haya?" "Ya mkubwa wako." "Mkubwa wangu ana meno yake." "Ndiyo haya." Inasemekana siku hiyo ndiyo pekee Mama Fungua alicheka kazini, na baada ya kumkagua yule kijana mwaka mzima, kwao, kazini kwake na kwa rafiki zake, alikubali, wakafunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, Mungu akawajalia binti mwaka 1980, kijana mwaka 1983, na kitinda mimba, binti tena, mwaka 1987, na sasa wajukuu ni watano.

Tuwaeleze wasiomjua vizuri kwamba Mama Fungua hakuwa mtu wa roho mbaya, ila kazi yake ilikuwa kukuta, alikuwa amekuta vitambaa vimezungushwa tumboni, nyuzi ndani ya chupa ya chai, vifungo vimefichwa katikati ya mkate, na mtu aliyezoea hivyo ukimwambia umecheleweshwa na mvua anakushika bega kwanza aone kama limelowa, kwa hiyo Jenerali aliishi miaka arobaini na kitu chini ya ukaguzi, na alikuwa akisema, "Mimi sijawahi kupotea, nitapoteaje na mlinzi ninaye?"

Sasa hawa askari. Mwaka 1998 daktari mmoja wa meno pale hospitali alimletea askari mdogo wa bati, urefu wake hauzidi kifundo cha kidole gumba, askari wa Japani ya kale, wale wa miguu, ana kofia pana kama sufuria iliyofunikwa kichwani, deraya ya vita kifuani juu ya joho, ndara za majani na mkuki uliovunjika, akamweleza kwamba yeye na wenzake, watu wazima na miwani yao, kila Jumamosi hutandaza meza kubwa, wakapanga majeshi, wakarusha dadu, wakapima mwendo kwa futikamba, wakapigana vita vilivyokwisha zamani ili waone kama safari hii atashinda mwingine. Jenerali akaunga ule mkuki kwa waya wa kufungia meno, na kabla hajamrudisha mgonjwa wake alikaa naye wiki nzima mfukoni, akawa anamtoa na kumtazama, akamwambia mke wake, "Uso kauweza aliyemchonga, lakini mikono hii ni ya mtu asiyewahi kubeba kitu kizito." Mama Fungua alipenda kumjibu kwamba anayebeba vitu vizito nyumba hii ni mmoja, na si yule wa bati.

Alipostaafu ndipo alipojifungia. Alichukua chumba cha kijana wake aliyekwisha hamia kwake, akaweka meza dirishani, taa ya shingo ndefu, miwani ya kukuzia na vijiko vyake vya kuchongea nta, akawa anakunja waya mwembamba kuwa mifupa ya mtu, anauvika kinata cha rangi mbili, njano na buluu, ambacho kikikandwa kinakuwa kijani, anachonga kabla hakijakauka, pumzi ameibana, na mlango ameutia komeo kwa sababu, alisema, ukifunguliwa ghafla upepo unamtikisa mkono, na mtu anayemjua Mama Fungua, akisikia habari ya mlango uliotiwa komeo ndani ya nyumba yake mwenyewe, anajua kilichofuata.

Kilichofuata ni joho. Mama Fungua alikuwa na joho lake la taulo, la kutokea bafuni, na siku moja ya Juni 2011 alilikuta limetundikwa kwenye ndoano lakini mkanda umefungwa fundo asilolijua, juma lililofuata akalikuta lina unga wa kijani begani, akamwita wifi yake, dada mkubwa wa Jenerali, akamwambia kwa sauti ya chini, "Wifi, kuna mwanamke anavaa joho langu," wifi akasema, "Huyu kaka yangu? Huyu anayesinzia saa mbili?" lakini moto ulikwisha washwa, Mama Fungua akaaga kwamba anakwenda sokoni, akazunguka nyumba, akarudi kwa mlango wa nyuma, akasukuma mlango wa chumba cha kulala, akamkuta mumewe mbele ya kioo cha kabati, amevaa lile joho, miguu ameitanua, mpini wa ufagio ameuelekeza kwenye kioo kama mkuki, na uso ameukunja kama mtu anayevamia ngome. "Nani yuko humu?" Mama Fungua akauliza. Jenerali akasema, "Niko mimi, na yule pale kwenye kioo." Ndiyo siku alipopewa cheo cha Jenerali, na aliyekitangaza mtaani ni mkewe mwenyewe, akicheka mpaka mbavu zikamuuma, lakini chini ya kitanda aliangalia kwanza.

Basi kazi hii ilihitaji watu wawili, mchongaji na mmiminaji, na mmiminaji alikuwa Fundi Bati, mziba rejeta na sufuria wa mtaa wa pili, rafiki wa Jenerali tangu mwaka 1984, mtu mkimya mwenye alama za moto mpaka kwenye viwiko, ambaye alijifunza kutengeneza kalibu za mpira, akawa anamfunika mpiganaji wa kijani ndani ya mpira, anamtoa, anamimina humo bati lililoyeyuka, wanatoka askari ishirini wenye sura moja, na wakati wote wa kumimina Jenerali alisimama pembeni akimwambia, "Polepole, mkuu, unamuunguza pua," naye akijibu, "Pua kama hii umeitoa wapi, si ya shemeji hii?"

Mwaka 2012 walikuwa wametoa sampuli kumi na mbili na kopo zima la maziwa limejaa askari wa bati, wakamwonyesha yule daktari wa meno, naye akawapiga picha wale askari, akamtumia rafiki yake mmoja aliyekaa Japani miaka mingi, na rafiki yule alicheka kwanza kwenye simu, halafu akasema kazi ni nzuri mno lakini wanajeshi wote hawa ni maiti. Jenerali akauliza maiti vipi, wamesimama na mikuki. Akaelezwa kwamba kule mtu aliye hai akivaa joho upande wa kushoto hulala juu ya ule wa kulia, na anayevishwa kulia juu ni marehemu peke yake, sasa tazama hapo shingoni juu ya deraya. Wote walikuwa kulia juu. Panga za kiunoni aliziweka upande unaofaa kwa sababu kitabu cha picha kilimwonyesha, lakini joho alilichonga kama alivyoliona, na aliliona kwenye kioo, kinachogeuza kushoto kuwa kulia, mtu aliyeshinda na mataya ya watu miaka arobaini asikosee kushoto na kulia hata siku moja, akakoseshwa na kioo cha kabati. Jenerali akasema, "Nimezika jeshi zima kabla halijapigana."

Siku hiyo hiyo Fundi Bati alikatakata kalibu zile kwa kisu cha jikoni, sebuleni, mbele ya macho ya Mama Fungua, kipande kwa kipande, na Jenerali akamkabidhi mkewe lile kopo la askari waliokosewa, akamwambia, "Ukipita kwa Fundi Bati mpe awayeyushe, tuanze upya." Lishikeni hilo, ndugu zetu.

Walianza upya, safari hii na askari waliovaa kama walio hai, na kwa miaka sita askari wa Jenerali walikwenda kwa wachezaji wa mbali ambao hakuwajua sura, ingawa safari ya kwanza ilikwama posta, karani alipotikisa kile kifurushi, kikalia chakacha chakacha, akauliza ndani kuna nini, na Jenerali kwa unyofu wake akajibu, "Jeshi," akawekwa benchi mpaka mchana, akaokolewa na Mama Fungua aliyefika na kumwambia yule karani, "Fungua, mwanangu, usiogope, mimi mwenyewe nilifungua leso ya huyu nikakuta meno."

Agosti 2018 kijana wao alileta simu yake, akaonyesha picha yenye ukungu, askari hao hao, kofia hizo hizo, pua ile ile, wanauzwa na mtu asiyejulikana, kwa bei ya kutupa, bila jina la Jenerali, na Mama Fungua hakuhitaji kuangalia mara mbili, alisema kalibu ziko kwa mtu mmoja tu, na jioni ile Fundi Bati alipokuja kama kawaida yake alimkuta shemeji yake amesimama getini na majirani wawili watatu wanapita, akaambiwa, "Wewe, umekula kwangu, umekunywa kwangu, unamwibia mwenzio mchana kweupe? Mwizi mkubwa." Fundi Bati akasema, "Shemeji, unaongea na mimi?" "Usiniite shemeji." Alimtazama Jenerali aliyekuwa mlangoni, na Jenerali, tuseme ukweli, alisema neno moja tu, "Mama, mimi sijauona mkono wake humo," akaomba anunuliwe hata askari mmoja wa hao amshike amwangalie, mkewe akasema hata senti ya nyumba hii haitaingia mfukoni mwa mwizi, na mzee akarudi ndani kwenye meza yake.

Maneno ya Mama Fungua yana miguu, mtaa mzima ulimwamini kwa sababu alikuwa hajawahi kukosea getini, watu wakaacha kumpelekea Fundi Bati rejeta zao, wengine wakampelekea sufuria lakini wakasimama pale pale wakimtazama mikono mpaka amalize, na Jenerali aliendelea kuchonga, ila hakumtafuta mmiminaji mwingine, askari wake wa kijani wakajipanga kabatini mwaka baada ya mwaka, kila mmoja wa peke yake, hana mwenzake.

Tarehe 3 Mei 2022 alipatwa na kiharusi akiwa mezani kwake, mkono wa kulia ukafa na maneno yakamkauka, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na pale wodini alikuwa akinyanyua mkono wa kushoto, anauinamisha polepole kama mtu anayemimina, Mama Fungua akamletea maji, akatikisa kichwa, akamletea chai, akatikisa kichwa, akamimina tena hewani, naye mkewe ametuambia kwa mdomo wake kwamba mara ya tatu alikwisha elewa anaitwa nani, akajifanya hajaelewa. Fundi Bati alikuja mwenyewe, bila kuitwa, Novemba ile, amevaa shati lake la heshima, akakuta kiti kimewekwa mlangoni mwa wodi na aliyekikalia ni Mama Fungua. "Nataka kumwona tu, mama." "Ulishaona ya kutosha." Akageuka, akaondoka. Jenerali alifariki tarehe 19 Januari mwaka huu wa 2023, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Kesho yake, watu wamejaa uani, kijana alimletea mama yake pakiti ya wale askari walioigizwa, ameinunua kwa siri, kusudi Fundi Bati akithubutu kutia mguu msibani atupiwe machoni, na Mama Fungua, kwa ile tabia ya miaka yote, hakuweza kupokea pakiti bila kuifungua, akavaa miwani ya kukuzia ya marehemu, akamshika wa kwanza, akamsogeza dirishani, akamgeuzageuza mpaka binti yake mkubwa akaogopa. "Hebu njoo uone hapa shingoni, kushoto juu au kulia juu?" "Kulia juu, mama." "Angalia vizuri, usinijibu kunipendeza." "Kulia, mama, kulia juu." "Nipe mwingine." Walimalizika wote, na wote walikuwa maiti.

Ndugu zetu, kalibu za maiti zilikatwa mbele yake, vipande alivifagia yeye, kwa hiyo hawa hawakutoka kwa Fundi Bati, mtu aliyekuwa na kalibu za walio hai angeibaje wafu, hawa walinakiliwa kutoka kwa wale wa ndani ya kopo la maziwa, na lile kopo halikufika kwa Fundi Bati hata siku moja, maana mwaka ule 2012 Mama Fungua alikuwa amejisemea kwamba bati likienda kwa huyu litarudi limepungua, akampa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni, akabadilishana naye kwa sufuria yenye mfuniko, akamwambia mumewe wamekwisha yeyushwa. Ni sufuria ile kubwa iliyowachemshia chai tangu juzi. Kutoka kwenye mkokoteni wale askari walifika kwa nani, akawatengenezea kalibu mpya nani, mpaka leo hatujui, na kila mtu anamshuku wake, lakini Mama Fungua alivua miwani, akaiweka juu ya pakiti, akasema, "Hawa nimewafungulia geti mimi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, na yule mama wa mazoezi aliyemkunja na kumkunjua vidole kila asubuhi bila kukata tamaa, inawashukuru majirani kwa viti, turubai na mabega yenu, inawashukuru wenzake wa karakana ya meno waliokuja wote, hata wastaafu wenye fimbo, inamshukuru daktari wa meno na kundi lake la mezani, walioahirisha vita vyao ili wawe hapa, na inamwomba radhi, kwa sauti hii hii na mbele ya watu wale wale, mziba rejeta wa mtaa wa pili, Fundi Bati, hakuiba, hakupunguza, hakuuza, na yeyote aliyeacha kumpelekea kazi kwa sababu ya maneno ya nyumba hii, tunamwomba ampelekee kuanzia leo, na asisimame kumtazama mikono.

Jana asubuhi Mama Fungua alikwenda kwake kwa miguu, akakuta mlango umefungwa, akaongea na mke wa Fundi Bati kupitia dirishani, akaulizwa, "Mnamtafutia nini tena? Mnataka mkamuumbue mbele ya maiti?" Akasema, "Nimekuja kumwomba ambebe mwenzake." Akajibiwa, "Ndivyo mnavyosema," na dirisha likafungwa. Hatumlaumu mama yule, hatumlaumu na mumewe kama hata sasa anadhani huu ni mtego, sisi ndio tuliomfundisha kushuku. Jeneza hili lina mishikio sita, wabebaji watano wamekwisha simama, wa mbele upande wa kulia hatujampa mtu, vijana wamejitolea tumewakatalia, na mchimbaji wa kaburi ameambiwa asiwe na haraka, kama yupo hapa ni pake, kama yuko nyumbani kijana wa marehemu ameshatoka kumfuata tena, na asipokuja kwa kijana Mama Fungua atavua viatu arudi yeye mwenyewe.

Wewe Jenerali, kaka yetu, mume, baba na babu, kazi yako umeimaliza, mkono wako sasa haukuumi, lala kwa utulivu, usitungoje. Sisi bado tumesimama na wewe hapa, na hatukunyanyui mpaka rafiki yako afike.